Kushoto Kumi na Robo

Tarehe 9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote tunapumua na tunakula. Baba anakohoa asubuhi, anasema ni vumbi la mbao tu. Bibi anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba meno ya bandia yanambana, na kwa kuwa ni wewe mwanawe uliyemshawishi ayaweke, ukija likizo uje na mengine.

Ninaandika kama ulivyoniamuru kwenye simu: "Sindano, nimepiga nisikie maneno, si kusikia mtu anapumua. Chukua kalamu." Shangazi, hata mimi sijui kwa nini niko hivi. Mdomo wangu hujifunga wenyewe. Kalamu haijifungi.

Shule imekwisha, matokeo bado. Jumatatu nilianza kazi kwenye chumba chenu cha ushonaji. Cherehani yako bado iko dirishani. Tangu uende kiwandani, miaka mitatu sasa, mwenzako Mama Pindo alikuwa ameifunika kwa kanga kama mgonjwa aliyelala. Amenifunulia. Nashona pindo, natia vifungo, napiga pasi. Mkasi mkubwa sijaruhusiwa. Nilipounyooshea mkono alisema, "Huo ni mkasi wa shangazi yako. Haushikwi na mtu anayeogopa kusalimia wateja."

Ni kweli ninawaogopa. Jana mama mmoja aliniambia "Hujambo?" nami nikamjibu "Asante."

Wako akupendaye,
Sindano


Tarehe 28 Januari

Sindano wangu,

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yangu meno hayashonwi, yangeshonwa ningeyapunguza. Mwambie kaka yangu kikohozi cha vumbi nacho kina daktari wake.

Sasa kaa chini. Nimefanywa msimamizi wa meza ya kukata! Meza nzima, wanawake arobaini, na kila sare inayotoka kiwandani hapa huanzia chini ya jicho langu. Meneja alisema katika miaka mitatu sijaharibu hata jora moja. Nilimjibu, "Bosi, mimi nimekuja hapa nikiwa fundi, sikuja kujifunza." Wakacheka wote, na yeye pia, ikambidi.

Mwezi ujao tutapigwa picha ya wasimamizi, itundikwe pale mlangoni. Sitaki kuvaa nguo ya dukani. Nataka blauzi iliyoshonwa na mikono yako, kwenye cherehani yangu. Kitambaa cha bluu nimempa dereva wa basi. Usitumie vipimo vya daftari la zamani, mimi si yule wa zamani, kutwa niko kitini na mwili umeongezeka. Nimejipima mwenyewe mbele ya kioo, kwa inchi:

Bega kumi na sita. Kifua arobaini na moja. Kiuno thelathini na sita. Mkono ishirini na mbili. Kutoka begani hadi ncha ya kifua: kulia kumi na moja, kushoto kumi na robo.

Usimwogope Mama Pindo. Anabweka, haumi.

Shangazi yako, Msimamizi (nimetaka tu kuliandika)


Tarehe 20 Februari

Shangazi Msimamizi,

Shikamoo. Nilipowasomea barua yako, Baba alitoka nje. Tulimsikia akimwambia jirani, "Dada yangu ana watu arobaini chini yake." Aliporudi alijifanya alikwenda kuangalia mbao. Bibi amesema alijua tangu ulipokuwa unawapanga watoto wa mtaa mzima kwenye mstari.

Blauzi iko ndani ya mfuko huu. Nilichora kwa chaki, Mama Pindo akakata, nikashona mimi, hata kola. Kola niliifumua mara tatu. Ulikosea kidogo kwenye vipimo vya kifua, upande mmoja uliandika kumi na moja na wa pili kumi na robo. Nadhani futi ya kupimia iliteleza. Nimesawazisha, nimeweka kumi na moja pande zote mbili. Usijali, sikumwambia mtu kwamba umekosea.

Kuna jambo jingine limetokea chumbani kwetu. Muuguzi mmoja wa zahanati alikuja kushonewa makoti ya kazi. Alisimama pale tunapopimia, akatazama, akasema, "Kutwa nzima mnawazungushia wanawake futi kifuani. Mimi nawasubiri waje nizungumze nao kuhusu saratani ya matiti, hawaji. Ninyi wanawajia wenyewe, tena wanacheka." Akatoa karatasi, akauliza nani hapa amesoma. Mama Pindo akanielekeza kwa kidevu.

Shangazi, nilisoma mbele ya wateja sita! Mmoja akasema, "Binti, tusomee sisi, usilisomee tumbo lako." Nikaanza upya.

Karatasi inasema mambo mawili makubwa ni kuwa mwanamke na kuongezeka umri, na hayo hayana dawa. Lakini yapo tunayoweza kuyabadilisha: pombe, hata kidogo, na sigara, na uzito hasa baada ya hedhi kukoma, na kukaa siku nzima bila kuutembeza mwili. Kunyonyesha kunapunguza. Kuna mstari mmoja niliuruka, haukuwa wa maana.

Mama Pindo akauliza, "Hata chupa yangu moja ya Jumamosi?" Muuguzi akasema, "Hata hiyo ina kasehemu kake." Mama Pindo akanuna mpaka saa kumi. Mama mwingine akauliza kama ni kweli sidiria nyeusi huleta saratani, na simu je, ikikaa kifuani? Muuguzi akasema sidiria haina kosa, iwe nyeusi au ya maua, na simu aitoe kwa sababu ya wezi.

Nimefurahi sana kwa ajili yako. Hunywi, huvuti, unakula mboga kuliko sungura. Kwa hiyo wewe uko salama.

Wako,
Sindano


Tarehe 4 Machi

Sindano,

Marahaba. Blauzi imefika. Kola hiyo hata mimi nisingeishona vizuri zaidi, na ninayesema ni mimi.

Picha ndiyo hii. Wa tatu kutoka kushoto, yule anayetazama kamera kama inamdai.

Yale uliyoandika mwishoni nimeyakata kwa mkasi na kuyaweka kwenye kibeti. Huyu akiniambia hili na yule lile, nitamwonyesha: mwanangu msomi ameandika niko salama. Mstari uliouruka sikuulizi.

Kazi ni nyingi. Barua zikichelewa usihesabu siku.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Baba na Bibi hawajambo. Picha yako iko ukutani juu ya redio na kila mgeni anaonyeshwa kabla hajapewa kiti.

Nataka kuandika jambo moja, usinicheke.

Mama Pindo aliichukua ile picha, akaisogeza kwenye mwanga. Akasema, "Aliyeshona hii alimshonea mtu mwingine." Nikauliza kwa nini. Akaweka kidole upande wako wa kushoto. Umekunja mkono juu yake, lakini kitambaa kimejaa chini ya mkono, na kuna pini. Nimeiona, kichwa chake kinang'aa.

Nikamwambia kwamba ulikosea kipimo nami nikasawazisha. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifungua daftari lenu la vipimo, lile la miaka kumi na minne, akaniambia nitafute popote ulipokosea hata robo inchi. Nimetafuta siku mbili. Sijapata. Nimepata vipimo vyako vya miaka mitano iliyopita kwa mwandiko wako. Kulia na kushoto vinalingana.

Akasema, "Mwili ukikuletea kumi na robo, unakata kumi na robo. Wewe ni nani wa kuusahihisha?"

Nilikwenda zahanati mwenyewe, kwa miguu, nikamngoja muuguzi mpaka foleni ikaisha. Nilimwuliza titi likivutwa juu upande mmoja maana yake nini. Alisema inaweza kuwa kitu kidogo na inaweza kuwa kitu kikubwa, na jicho la mtu haliwezi kujua, lazima apimwe. Halafu nikamwambia nilikuandikia kwamba uko salama. Akasema, "Karatasi yangu inasema kupunguza. Wapi inasema kufuta?"

Shangazi, haisemi popote. Neno hilo nililiweka mimi. Nilipenda liwe kweli, nikaliandika kama ni kweli, kama nilivyofanya na blauzi. Naomba ukitoe kile kipande kwenye kibeti ukitupe.

Na mstari niliouruka unasema wanawake ambao hawakuzaa wana hatari iliyozidi kidogo. Niliuruka kwa sababu nilikukumbuka. Samahani. Nakuuliza sasa, kwa heshima zote: kushoto kuna nini?

Sindano


Tarehe 30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sasa. Uliniambia nisihesabu siku, kwa hiyo nimehesabu wiki.

Ile siku niliyokupigia, ulisema uko kazini, nikasikia mashine. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja ili nisikwame. Uliikata simu nikiwa kwenye neno la pili. Sikasiriki.

Bibi anaendelea vizuri, sasa meno anayavaa Jumapili tu. Sijawaambia chochote. Ukitaka wajue utawaambia wewe.

Sitakuuliza tena. Nitakuhadithia ya hapa tu.

Mama Pindo alikwenda kupimwa. Alivaa vizuri kuliko siku zote, akasema kama ni kumvulia nguo mtu asiyemjua, basi amkute ni mtu wa heshima. Hana kitu. Amerudi akitembea kama aliyeshinda uchaguzi. Sasa tunatembea sote wawili kutoka nyumbani hadi kazini, na ile chupa ya Jumamosi imekuwa ya sikukuu, ingawa ameanza kuziongeza sikukuu.

Wiki iliyopita mteja mmoja alisema mbele ya watu kwamba ugonjwa huu ni wa wanawake waliojitakia, wanaokunywa, wanaokataa kuzaa. Shangazi, nilisema! Sikusoma popote, nilisema mwenyewe. Nilimwambia dada wa muuguzi wetu alizaa watano, akawanyonyesha wote, hakuonja pombe, aliamka alfajiri akalima, naye akaupata. Nilimwambia karatasi ile ni ya kutusaidia kujitunza, si ya kuhukumia wagonjwa. Sauti ilikatika katikati lakini nilimaliza. Yule mama alisema, "Kumbe huyu anaongea!"

Nilitaka ujue hilo.

Sindano wako


Tarehe 11 Agosti

Sindano, mwanangu,

Marahaba, marahaba nyingi, na zile nilizokunyima uzihesabu humo.

Barua yako ya Machi niliichana. Nilikasirika, wee! Nilisema, mtoto niliyemfundisha kutunga uzi leo ananiuliza kuhusu matiti yangu. Jioni nikaviokota vipande. Gundi sikuwa nayo. Nimevishona. Nitakuletea uone, barua ina mshono kama shati, tena mshono wangu ni mzuri.

Nakujibu. Kushoto kulikuwa na uvimbe. Niliugusa Novemba nikioga, mdogo kama kokwa ya ndimu, hauumi. Kwa kuwa hauumi nikauacha. Halafu titi likaanza kujivuta juu.

Unajua nilichoogopa? Kufa sikuogopa sana. Niliogopa daktari aniulize, "Umezaa?" niseme hapana. "Unakaa kitini saa ngapi?" niseme kumi. "Uzito?" Nikaona nitatoka pale nimehukumiwa. Ulipoandika niko salama, nikakimbilia neno lako kama mtu anayekimbilia kivuli. Kosa si lako peke yako. Mtu mzima ni mimi.

Na vipimo vile? Ningeweza kukuandikia kumi na moja kote, nani angejua? Mkono ulikataa. Tangu nishike futi sijaandika kipimo cha uongo. Labda pia nilitaka mtu aone bila mimi kusema. Ulipovisahihisha nilicheka, Sindano, kisha nikalia, kisha nikatafuta pini.

Barua yako ya Aprili ndiyo iliyoninyanyua. Nilisoma kwamba wewe, wewe uliyemjibu mtu "Asante" kwa "Hujambo", umesimama mbele ya wateja ukanitetea bila kulitaja jina langu. Nikasema, haya, huyu amefungua mdomo, mimi msimamizi mzima nimejificha nyuma ya mkono wangu kwenye picha.

Kesho yake nilisimama mezani nikawaambia wote arobaini. "Nina uvimbe, naenda hospitali, nani anakuja?" Nikasikia mikasi ikiwekwa chini, mmoja baada ya mwingine. Tulikwenda saba.

Ni saratani. Daktari hakunihukumu. Aliuliza yale maswali yote, akaandika, basi. Nilipomwuliza nimekosea wapi, alisema hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa mmoja kwamba ni hiki kilikuletea, ila ningekuja Novemba kazi ingekuwa nyepesi zaidi. Hilo amelisema wazi nami nakuandikia wazi. Mwezi wa sita waliliondoa titi lote. Haijasambaa mbali. Dawa zinaendelea, nywele zinatoka, kichwa changu kina umbo zuri, sikujua. Wameniambia nitembee kila siku ninavyoweza. Kwa hiyo meza yangu yote sasa baada ya chakula inazunguka kiwanda mara mbili, mimi mbele na kitambaa kichwani. Meneja aliuliza ni maandamano ya nini. Nikamwambia, "Ni mwili, bosi, unakumbushwa kwamba una miguu."

Kaka yangu na mama nimewaandikia wao peke yao. Watalia, waache walie, halafu wapikie chai.

Sasa kazi. Picha ile nimeiteremsha mlangoni. Nataka ipigwe nyingine, mikono chini. Nishonee blauzi mpya, kitambaa kiko kwa dereva. Kifua thelathini na saba. Kiuno thelathini na tano. Kutoka begani: kulia kumi na moja. Kushoto hakuna ncha, ni bapa. Kovu linaanzia kwapani, linakuja katikati, inchi sita na nusu. Usipitishe mshono juu yake.

Sitaki kujaziwa pamba. Kama nitataka siku nyingine, nitasema.

Shangazi yako


Tarehe 2 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba alisoma barua yake amesimama. Hakulia mbele yetu, ila kuna meza aliyokuwa akiitengeneza, amepiga randa upande mmoja mpaka imekuwa nyembamba. Bibi alilia, akanywa chai, akaniambia nikwambie neno lake kama lilivyo: "Alimnyonyesha mtoto wa kaka yake kwa chupa, mama wa mtoto alipolazwa hospitali miezi mitatu. Nani amesema hakuzaa?" Mtoto huyo ni mimi. Sikuwa nikijua.

Jumatatu niliweka kitambaa chako mezani. Nilifungua daftari, nikaandika vipimo vyako kwa wino chini ya vile vya zamani, bila kufuta vile. Kushoto: bapa. Kovu: sita na nusu. Wateja wanne walikuwa wakingoja, mmoja akachungulia, akauliza, "Hiyo ni nguo ya nani, mbona pande hazilingani?"

Nikageuka. Nikasema kwa sauti ambayo hata mama wa duka la pili aliisikia: "Ni ya shangazi yangu. Ni msimamizi wa watu arobaini. Aliugua saratani ya titi, akakatwa, sasa anatembea kila siku, na ndivyo alivyo." Halafu nikawasomea karatasi yote. Safari hii sikuruka mstari.

Nilipomaliza, nilichora kwa chaki. Kulia na mkunjo wake, kushoto tambarare. Mshono nimeusogeza mbali na kovu, vidole viwili. Nikamtazama Mama Pindo aje akate.

Alikuwa amekaa. Alinisukumia ule mkasi mkubwa juu ya meza, vishikio vikiwa upande wangu, akaendelea kutia uzi kwenye sindano yake kana kwamba hajafanya kitu.

Ni mzito, Shangazi. Hukuwahi kuniambia ni mzito hivyo. Nimekata mwenyewe, kama ulivyojipima, na sijasahihisha kitu.

Blauzi iko ndani ya mfuko huu. Pini sikuweka, hutaihitaji.

Wako,
Sindano